Idadi ya 400 na Vikundi vya Mwamapalala

Kila anayejiandaa kutafiti changamoto za vikundi na asasi ndogo huku Simiyu huja na swali lile lile: nihoji wangapi? Huliuliza kabla hajajua vikundi viko vitongoji gani, vinaongozwa na nani, na majibu yakishapatikana yatamsaidia nani kuamua jambo gani. Mara nyingi ameshajijibu. Atatumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, atapata namba, kisha atarusha kiungo cha dodoso kwenye makundi ya WhatsApp mpaka namba itimie. Utaratibu huu umezoeleka vyuoni na kwenye ofisi za miradi kiasi kwamba anayeuhoji huonekana mkorofi. Hata hivyo ni utaratibu mbovu, na pale utafiti unapohusu mahitaji ya mawasiliano, ubovu wake unaharibu hata ile hoja iliyokusudiwa kuchunguzwa.

Taro Yamane aliiweka kanuni hiyo katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967. Ukiruhusu makosa ya asilimia 5, Mkoa wa Simiyu wenye watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022 unakupa sampuli ya 400. Ingiza Tanzania nzima, watu 61,741,120, nayo inakupa 400. Hesabu hiyo haina kosa. Kundi likishakuwa kubwa, ukubwa wake hauongezi wala kupunguza sana usahihi wa sampuli. Kosa letu ni kuyaacha masharti yanayoishikilia hesabu hiyo: uwe na orodha kamili ya unaowatafiti, uwachague kwa bahati nasibu, na waliochaguliwa wajibu kweli. Sasa ishushe kanuni hadi ngazi ya kata. Tuseme Mwamapalala, wilayani Itilima, ina vikundi 44. Kanuni itakuagiza uhoji 40. Kuna faida gani kufunga safari, kuonana na vikundi 40, na kuviacha vinne kwa sababu kitabu kimesema? Na hivyo vinne havitaachwa kwa bahati nasibu. Vitakuwa vya kitongoji cha mbali, ambavyo makatibu wake hawapatikani kwa simu, yaani vile vile ambavyo matatizo yao ya mawasiliano ndiyo yalipaswa kuchunguzwa. Kundi likiwa dogo hivyo, wahoji wote, na kanuni iache kitabuni.

Kiungo cha WhatsApp kina hatari kubwa kuliko kanuni. Anayekipata ni mwenye simu janja, bando, mtandao, na uwezo wa kusoma na kuandika Kiswahili cha kiofisi. Katika vikundi vingi vya vijijini huyo ni katibu, au kijana wa mwenyekiti. Mweka hazina mwenye kitochi, anayeongoza kikao chote kwa Kisukuma, hayumo. Kisha dodoso linauliza kama kikundi kinatumia mitandao ya kijamii, karibu wote wanajibu ndiyo, na ripoti inapendekeza mafunzo ya mitandao ya kijamii. Jibu hilo limetengenezwa na njia ya kuulizia, na waliokosa njia hiyo wamehesabiwa kama hawapo. Kuongeza idadi hakusaidii. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi zipatazo milioni 10, likizichukua anwani kwenye orodha za wenye simu na magari na nyinginezo, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha na ile, alikuwa amemtaja mshindi sahihi. Kama majibu milioni 2 hayakuweza kuziba pengo la waliokosekana, majibu 400 ya kiungo yatalizibaje?

Nitajibiwa kwamba simu ni nafuu na kwamba taarifa kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. La kwanza nalikubali. Shirika la Twaweza lilipoanzisha utafiti wa maoni wa Sauti za Wananchi mwanzoni mwa miaka ya 2010 lilitumia simu, ila kwanza lilichagua kaya zipatazo 2,000 kwa bahati nasibu Tanzania Bara, likazipa simu na chaja za sola, ndipo likaanza kupiga. Simu ilikuwa chombo cha kuhojia, na haikuachiwa kuamua nani ahojiwe. La pili silikubali, kwa sababu taarifa ya upande mmoja iliyovaa asilimia hupeleka fedha mahali pasipo na shida, na kikundi kisichohesabiwa leo hakitaonekana hata kwenye bajeti ijayo. Wengine watasema orodha ya halmashauri inatosha. Inasaidia kuanzia, lakini usajili huvutwa na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Chama cha kuzikana au kikundi cha ngoma kisichotafuta mkopo huo kinaweza kukosekana kabisa humo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua orodha kwa afisa maendeleo ya jamii, iongeze kwa kuwauliza watendaji wa vijiji na wenyeviti wa vitongoji, halafu tembelea vikundi vyote vya kata moja au mbili badala ya kuparuza mkoa mzima. Ukilazimika kuchagua, chagua kwa kura, na ambaye hakupatikana mrudie mara ya pili na ya tatu kabla ya kumwandika kuwa hayupo. Tafuta wadodosaji wanaozungumza Kisukuma na wafundishe maswali kwa lugha hiyo. Usiende wakati wa palizi wala siku za kuuza pamba. Hoji wanachama wa kawaida peke yao, mbali na viongozi. Eleza mapema kwamba hukuja kutoa fedha, maana swali la “changamoto zenu ni zipi” mbele ya anayedhaniwa kuwa mfadhili hujibiwa kwa neno moja, mtaji. Uliza badala yake kikao cha mwisho kiliitishwa lini, nani aliwaarifu wanachama, kwa njia gani, na nani hakupata habari. Namba za simu unazokusanya ni taarifa binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, basi zitunze. Na kabla ya kupeleka ripoti kwa mfadhili, rudi uyasome matokeo mbele ya vikundi vyenyewe, wasahihishe.