Kazi ya Uhusiano si Kupamba Maneno

Vijana wengi wamalizapo masomo hutamani kazi ya afisa uhusiano, wakidhani ni kuvaa vizuri na kuisifu ofisi. Kazi yenyewe ni kuwafanya watu wasiojuana wajuane na kuaminiana.

Mfano mwema upo Malawi. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, hata mwaka 1994 palipofanywa kambi. Mwaka 2014 mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Menes la Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini. Badala ya kungoja kusemewa, wakimbizi waliwaalika wenyeji waje kambini wasikilize muziki na kuonana nao ana kwa ana.

Hata hivyo, sifa njema haimalizi matatizo. Mwaka 2023 Serikali iliwaamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka, nayo kambi ilikwisha kufurika. Siku kama hizo uvumi huenda mbio kuliko amri. Ndipo afisa uhusiano atakiwapo kueleza, kwa lugha ya wahusika, ni nini kimeamriwa, lini, na nani aulizwe. Kisha awafikishie wakubwa malalamiko aliyoyasikia, hata yasiyopendeza.

Basi kijana aipendaye kazi hii ajifunze lugha, aandike kwa ufupi, asikilize zaidi ya kusema, wala asitoe ahadi isiyo yake. Askari wanalijua jambo hili: raia akikuamini, hukuletea habari kabla hujamwuliza.