Alama za usemi na ritifaa katika vitabu vya kielektroniki

Alama za usemi, ziitwazo pia alama za mtajo, ni jozi inayozingira maneno ya msemaji: “ ” au ‘ ’. Ritifaa (’) ni alama moja iliyo sehemu ya tahajia, kama katika ng’ombe na ng’ambo. Kwa kuwa ritifaa hufanana na alama moja ya kufunga usemi, anayesahihisha alama za usemi bila kuiangalia huharibu maneno.

Chukua sentensi ya hadithi inayotokea Igamba, wilayani Mbozi, mkoani Songwe:

'Ng'ombe wameingia kwenye kahawa,' alisema mzee.

Mhariri akiiamuru programu ibadilishe kila ' kuwa ", atapata:

"Ng"ombe wameingia kwenye kahawa," alisema mzee.

Usemi umefungwa baada ya herufi mbili. Akiifuta alama hiyo, atabaki na ngombe, tahajia isiyo sanifu. Pengine kosa hujificha: ng’oa ni kutoa kitu kilichokita ardhini, ilhali ngoa ni wivu au tamaa. Jina Songwe halina ritifaa kwa kuwa g yake hutamkwa; katika ng’ombe g haisikiki.

Namna ya kuzitofautisha

Neno la Kiswahili haliishii kwa ng’. Ritifaa yake hufuatwa na irabu, au na w kama katika jina Ng’wanamalundi. Alama inayofuatwa na nafasi au kituo, kwa mfano baada ya jina Beijing, ni ya kufunga usemi.

Hatua za kusahihisha

1. Tunza nakala ya faili kabla ya kuanza.
2. Badilisha ng' inayofuatwa na irabu au w iwe ng#, au ishara nyingine isiyotumika kitabuni. Usisahau Ng' na NG'.
3. Sahihisha alama za usemi.
4. Rudisha ng# kuwa ng’.

Mashairi yasahihishwe kwa mkono. Mshairi aandikapo ’mekuja badala ya amekuja, programu nyingi huigeuza ritifaa ya mwanzo kuwa alama ya kufungua usemi (‘).

Mwisho, kitabu kizima kitumie umbo moja la ritifaa, lililonyooka (') au lililopinda (’). Baadhi ya programu za kusomea huyahesabu kuwa herufi tofauti. Msomaji akitafuta ng'ombe kwa umbo moja, hatalipata neno lililoandikwa kwa umbo jingine.