Mchakato Unapokufa Ndani ya Swichi ya Simu

Tarehe 15 Januari 1990, saa 8:25 mchana kwa saa za New York, wasimamizi wa mtandao wa kampuni ya simu ya AT&T waliona alama nyekundu zikitapakaa kwenye skrini zao huko New Jersey. Swichi moja jijini New York ilikuwa imepata hitilafu ndogo, ikajiondoa kazini, ikajisafisha na kurudi ndani ya sekunde chache, kama ilivyofundishwa. Kisha swichi jirani nazo zikaanza kujizima. Zikarudi, zikaziangusha nyingine, na hali hiyo ikazunguka kwa takriban saa 9 kwenye swichi 114 za masafa marefu. Mamilioni ya simu hayakupita.

Chanzo kilikuwa amri moja iliyokaa pasipo pake katika programu iliyoingizwa mwezi mmoja kabla. Swichi iliyopona ilianza mara moja kutuma simu. Jirani yake, akiwa bado anaandika kwamba mwenzake amerudi, alipokea ujumbe wa pili ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Data zikaandikwa juu ya data, naye akaamua kujiwasha upya. Aliporudi, akawafanyia majirani zake yaleyale. Tiba yenyewe ndiyo iliyosambaza ugonjwa, na mtandao ulitulia tu mafundi walipopunguza wingi wa ujumbe.

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi hudhani kusimamia programu za swichi ni kuiwasha tena iliyozimika. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ndani ya swichi kuna maelfu ya michakato, yaani programu ndogo zinazofanya kazi kwa pamoja: mmoja unapokea namba unazobonyeza, mwingine unatafuta njia iliyo wazi, mwingine unahesabu sekunde za malipo. Swichi za kwanza za kielektroniki za kampuni ya Bell zilisanifiwa zisisimame zaidi ya saa 2 katika miaka 40. Kwa kipimo hicho huwezi kusubiri fundi afike na tochi.

Mchakato uliokufa hutoa taarifa. Mfumo unaona haupo. Unaonitia wasiwasi ni uliokwama: upo kwenye orodha, umeshika kumbukumbu yake, lakini haujibu. Kwa huo kuna mapigo ya moyo. Kila baada ya muda mfupi mchakato hutuma ishara kwamba uko hai, na kuna saa ya ulinzi inayohesabu kurudi nyuma. Isipoguswa kabla ya kufika sifuri, kadi nzima ya swichi inayoendesha mchakato huo inawashwa upya. Hapa ndipo kosa moja hujirudia: saa huguswa na kipande cha programu kisichohusika na kazi yenyewe. Mapigo yanasikika vizuri kabisa, huku foleni ya simu imesimama. Mapigo yatoke kwa yule anayebeba mzigo.

Kwa maoni yangu, waliolielewa jambo hili kwa kina zaidi ni watu wa maabara ya kampuni ya Ericsson huko Stockholm. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walijenga lugha ya programu ya Erlang kwa ajili ya swichi. Ndani yake michakato haishiriki kumbukumbu. Inatumiana ujumbe tu, hivyo mmoja ukifa haumchafui mwenzake. Mchakato wa kazi haulazimiki kujitibu. Unaachwa ufe, na msimamizi, ambaye naye ni mchakato, anapokea habari ya kifo pamoja na sababu yake, kisha anaanzisha mpya katika hali safi. Msimamizi ana msimamizi wake, ngazi juu ya ngazi, kama mti. Swichi ya AXD301, iliyotoka mwaka 1998, ilijengwa hivyo kwa zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang.

Msimamizi huyo hupewa kikomo: ataanzisha upya mara ngapi ndani ya sekunde ngapi. Usipomwambia lolote, siku hizi Erlang inamruhusu mara 1 ndani ya sekunde 5. Ikizidi hapo hajaribu tena. Anawazima wote walio chini yake, anajizima mwenyewe, na kumwachia aliye juu, mwenye uwezo wa kuanzisha upya tawi zima. Ndiyo maana nikikabidhiwa mfumo wa simu, nambari hizo mbili ndizo ninazozifungua kwanza. Nikikuta mtu ameziweka mara 1,000 kwa sekunde 1 ili kengele zisilie usiku, najua kuna mchakato unakufa humo ndani na hakuna anayeambiwa.