Sarafu za Majaribio za Ufaransa: Urembo Uliokataliwa

Kwa kawaida sarafu hufuliwa ili ipite mikononi mwa watu. Hata hivyo, kuna sarafu za Ufaransa ambazo hazikukusudiwa kununua hata kipande cha mkate, ilhali leo hutafutwa kwa udi na uvumba. Hizi ni sarafu za majaribio. Aghalabu hubeba neno ESSAI, yaani jaribio, nazo zilifuliwa ili wakuu wauone mchoro ukiwa katika madini kabla ya kuuidhinisha au kuukataa.

Mfano ulio bora ni wa mwaka 1848. Mfalme Louis-Philippe alipopinduliwa mwezi wa Februari, Jamhuri mpya ilirithi sarafu zenye sura yake. Mashindano yakatangazwa, na wachongaji wengi wakawasilisha kila mmoja taswira yake ya Jamhuri kwa umbo la mwanamke. Oudiné alishinda kwa sarafu za fedha, Merley kwa zile za dhahabu, na michoro yao ikaanza kutumika mwaka 1849. Kazi za walioshindwa zimesalia katika vipande vichache, vingi vikiwa vya bati au shaba. Hapa ndipo penye utamu wa ukusanyaji huu: sarafu ya kawaida huonyesha kilichoamuliwa, bali jaribio huonyesha ambacho kingaliweza kuamuliwa. Bati hilo duni, yamkini, lina habari nyingi kuliko dhahabu ya mshindi.

Lakini si kila kinachoitwa jaribio kilijaribu kitu. Sarafu za Napoleon wa Pili zenye tarehe 1816 huorodheshwa miongoni mwa majaribio, ingawa zilifuliwa miongo kadhaa baadaye. Mwaka huo mrithi huyo alikuwa mtoto aliyelelewa Vienna. Hali kadhalika, majaribio ya Komoro ya mwaka 1964, visiwa hivyo vikiwa bado chini ya Ufaransa, yana michoro ile ile iliyoingia katika matumizi, akiwemo samaki gombesa. Tofauti ni neno ESSAI tu.

Kwa hiyo mkusanyaji makini hutazama ukingo kabla ya uso. Tangu mwaka 1880, kiwanda cha sarafu cha Paris kimekuwa kikipiga alama ya pembe ya neema kwenye ukingo wa medali zake, na hata wa baadhi ya majaribio yaliyofuliwa upya. Kipande cha tarehe 1848 chenye alama hiyo hakikupata kuwekwa mbele ya waamuzi wa mashindano yale.