Mwani kwenye tangi la maji ya chumvi: anza na chakula chake
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna ya kuanzisha tangi la maji ya bahari nyumbani: chumvi, mawe, mchanga, na bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa naitreti. Leo tunaingia katika tatizo linalowakatisha tamaa wafugaji wengi mapema, nalo ni mwani unaofunika vioo, kisha mawe, na mwishowe matumbawe yenyewe.

Kwanza tuutambue, kwani dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Tangi la wiki chache huvaa utando wa kahawia unaofutika kwa kidole. Hao ni diatomu. Hutumia silika iliyomo majini, na silika ikipungua nao hupungua bila kuhangaishwa. Utando mwekundu unaoteleza na kubanduka vipande vipande ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Hawa hupenda pembe ambazo maji yamelala. Vipovu vya kijani vinavyong'aa huitwa Valonia, navyo hung'olewa vizima kwa mkono. Msumbufu mkuu ni mwani wa nyuzi za kijani, na huo ndio shabaha yetu.

Mwani huu huishi kwa mwanga, kaboni, naitrojeni na fosforasi. Matumbawe nayo yanahitaji mwanga, hivyo kuzima taa kwa siku nyingi kutayaumiza. Kinachobaki mikononi mwetu ni naitreti na fosfeti, ambazo huingia zaidi kwa mlango mmoja: chakula cha samaki. Mpe samaki kiasi anachokimaliza kwa dakika chache. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, kichuje, umwage maji yake kabla ya kulisha. Maji ya kuchanganyia chumvi nayo yasitoke moja kwa moja bombani wala kisimani, maana mara nyingi huja na naitreti, fosfeti na silika. Yapitishe kwanza kwenye mashine ya kuchuja yenye utando mwembamba.

Hapa ndipo wengi hupotoshwa na kipimo. Mtu anapima na kuona fosfeti ni sifuri, ilhali mawe yake yamefunikwa nyuzi. Kipimo husoma kilichobaki majini tu. Kilichokwisha kunyonywa na mwani hakionekani. Isitoshe, mawe na mchanga wa chokaa hunasa fosfeti, kisha huiachia polepole maji yanapopungukiwa nayo. Ndiyo maana mfugaji aliyepunguza chakula leo asitarajie mabadiliko kesho. Deni la miezi hulipwa kwa miezi.

Kubadilisha maji husaidia, ila tupige hesabu kwa uaminifu. Tangi la lita 200 lenye naitreti miligramu 40 kwa lita, ukibadilisha lita 40 kwa maji safi, hubaki na 32. Rudia wiki ya pili upate 25.6, na ya tatu upate 20.5, tena kama hakuna naitreti mpya iliyoingia. Ikiwa ulishaji haujabadilika, unateka maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Hivyo ng'oa nyuzi kwa mkono kwanza, zifyonze kwa mpira wakati huo huo unapotoa maji, kisha uweke maji mapya. Kila konzi ya mwani inayotoka imebeba naitrojeni na fosforasi ambazo hazitarudi.

Baada ya mkono wako, tafuta midomo ya kukusaidia. Umuhimu wake ulionekana wazi katika bahari ya Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa ulioanzia Panama uliwaua zaidi ya tisa katika kila kumi ya Diadema, wanyama weusi wa miiba mirefu wanaokwangua mwani mawe kwa mawe. Huko Jamaika samaki wanaokula mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, kwa hiyo hakukuwa na wa kushika zamu. Kati ya mwaka 1977 na 1993 matumbawe yaliyo hai yalishuka kutoka asilimia 52 ya sakafu ya miamba hadi 3, na mwani ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 92. Kwenye tangi, konokono wa Turbo na Trochus wanatosha kuanzia. Kangaja na tafi wa pwani yetu ni walaji hodari, lakini hukua na kuhitaji nafasi ya kuogelea. Kumbana tafi katika lita 200 ni kumtesa.

Njia nyingine ni kuulima mwani pale unapotaka wewe. Walter Adey wa Smithsonian, Marekani, alisafisha maji ya miamba aliyoijenga ndani ya jengo kwa kuotesha mwani kwenye wavu wenye mwanga mkali na kuuvuna mara kwa mara. Wafugaji wa leo hutenga chumba pembeni, wakaweka mwani wa Chaetomorpha chini ya taa inayowaka usiku. Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani, Zanzibar, wanajua kanuni hii: faida ipo kwenye kuvuna. Mwani usiovunwa hufa, huoza, na kurudisha kila ulichokula.

Kwa sababu hiyo hiyo, dawa za kuua mwani zisiwe kimbilio la kwanza. Zinaua mmea na kuacha chakula chake majini. Wala usikimbilie sifuri: maji yasiyo na naitreti wala fosfeti kabisa huyadhoofisha matumbawe, na huwapa nafasi dinoflajeleti, wasumbufu wagumu kuliko nyuzi za kijani, baadhi yao wenye sumu. Lengo ni kiasi kidogo kisichoyumba. Pima kila wiki, andika daftarini, na ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja ili ujue lililosaidia.

Sehemu ya tatu itahusu taa: rangi zake, nguvu zake, na saa zinazofaa kwa matumbawe.