Kaboni ya Kasongo na Kabambare iko wapi?

Wandugu wasomi, mwaka 2019 nchi yetu ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni moja kufikia 2023. Tangu hapo, anayezungumza mazingira huku Maniema anaanza na hesabu ya miche. Mimi naomba tuanze na hesabu ya kaboni, maana hizo ni hesabu mbili tofauti.

Mti unakula hewa. Majani yanavuta gesi ya kaboni, na nguvu ya jua inaigeuza kuwa shina, matawi na mizizi. Kausha mti, upime: karibu nusu ya uzito ule ni kaboni. Watafiti waliopima misitu ya Afrika ya Kati isiyokatwa walikuta karibu tani 400 za miti mikavu kwa hekta moja, yaani tani 200 za kaboni. Ikiungua yote, inajiunga na oksijeni na kurudi hewani ikiwa zaidi ya tani 700 za gesi. Ni kama kuchoma litre 300,000 za esansi. Hekta moja tu! Pikipiki za Kasongo zingetembea miaka mingapi na esansi ile, pigeni hesabu wenyewe.

Sasa mche. Mwaka wake wa kwanza hauna kitu cha kupima. Watafiti waliofuata misitu inayojiotea upya Amerika ya Kusini na ya Kati walisema mwaka 2016 kwamba inachukua kama miaka 66 kurudisha asilimia 90 ya uzito wa zamani. Wajukuu ndio watakaoona.

Halafu kuna moto. Kwetu kusini ndipo msitu mkubwa unakutana na majani: misitu iko kandokando ya mito kama Luama, majani marefu katikati. Juni hadi Agosti yakikauka, moto unapita. Miche iliyopandwa humo bila njia ya kuzuia moto inaisha mchana mmoja, lakini ripoti inabaki imeandika "imepandwa". Tena si kila uwanda wa majani ni msitu uliokufa. Mwingine uko hivyo tangu zamani, na kaboni yake imelala chini ya udongo.

Kupanda kuna nafasi yake, sikatai. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, walipanda akasia kwenye hekta karibu 8,000. Wakulima wanakata baada ya miaka kama kumi, wanachoma makala, kisha wanalima muhogo na mahindi, maana akasia inarutubisha udongo. Kaboni ile haikai sana, ni kweli, lakini gunia la makala likitoka pale halikutoka msituni. Kasongo mjini si tunapika na makala? Basi mimi ningepanda karibu na mji, kwa ajili ya jiko. Kwenye mashamba yaliyoachwa ningezuia moto tu, visiki vichipuke vyenyewe. Mizizi iko tayari, haitaki kitalu wala gari.

Inabaki misitu iliyosimama, na hapo ndipo kaboni nyingi iko. Dekreti 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kupata msitu wake wa mila, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha miaka. Hati inatoka kwa gavana wa jimbo. Kazi yake ni ramani, vikao na wazee, na karatasi nyingi za Kifaransa. Kijijini nani ataziandika kama si sisi? Na mtu akileta mkataba wa kaboni Kabambare kabla ya hati ile kupatikana, atasainiana na nani?