Mzio na Ushahidi wa Ngozi

Mti ambao wenyeji wa Baringo nchini Kenya huuita mathenge, ule ambao kwa ajili ya miiba yake, na kwa meno ya mifugo yao yaliyooza kwa kula maganda yake matamu, walifika kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi, umeenea pia katika Falme za Kiarabu, ambako ulipandwa ili kuzuia mchanga na kuipa nchi kivuli. Na chavua yake ni miongoni mwa visababishi mashuhuri vya mafua ya mzio na pumu katika nchi za Ghuba. Basi Mwafrika Mashariki aliyekuja Dubai kutafuta riziki, ambaye baada ya msimu wa pili au wa tatu huanza kupiga chafya, kuwashwa macho na kubanwa kifua, ilhali kwao hakuyajua maradhi hayo, aghalabu hulaumu baridi ya kiyoyozi au vumbi la jangwani. Huenda lawama hiyo ikawa ya haki, na huenda isiwe. Njia kongwe na nyepesi ya kupambanua ni kuiuliza ngozi.

Wa kwanza kuiuliza alikuwa Charles Blackley, tabibu wa Manchester, ambaye mwenyewe aliteswa na mafua ya msimu wa nyasi. Mwaka 1865 alijikwaruza mkono, akatia chavua juu ya mkwaruzo, akaona mahali pale pamewasha na kuvimba. Na mwaka 1873 akatoa kitabu juu ya utafiti wake. Siri ya uvimbe ule ilingoja takriban karne nzima, hata katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani na Uswidi walipoigundua kingamwili iitwayo IgE. Mwenye mzio hutengeneza kingamwili hii dhidi ya kitu kisichomdhuru mtu mwingine, nayo hujibandika juu ya seli za ngozi, pua na mapafu zilizosheheni histamini. Kitu kile kikirejea, seli humwaga histamini yake kwa dakika chache, na hapo ndipo panapotokea mwasho, chafya na uvimbe.

Kipimo chenyewe hakina kitisho. Mgonjwa huunyosha mkono, tabibu au muuguzi akampangia matone ya dawa zilizotolewa katika chavua, utitiri wa vumbi, manyoya ya paka, mende, au chakula kinachoshukiwa, kila tone likiwa mbali na jingine kwa sentimita 2 au zaidi, kisha akachoma juu juu kupitia kila tone kwa kincha cha takriban milimita 1, kisifike penye damu. Pamoja nayo huwekwa matone mawili ya mizani: la histamini, ambalo ni lazima livimbe, na la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kuvimba. Baada ya dakika 15 hadi 20 hupimwa kivimbe, na kikilizidi tone la maji kwa milimita 3 au zaidi, jibu ni ndiyo. Hapa nina neno kwa ndugu zetu wenye ngozi nyeusi: wekundu wa pembeni hauonekani vyema kwetu, kwa hiyo mpimaji mjuzi haamini macho pekee, bali hupapasa kingo za kivimbe kwa kidole, akazizungushia kalamu.

Tone la histamini lisipovimba, kipimo chote ni batili, na mara nyingi mkosaji ni kidonge cha mzio. Piriton, setirizini, loratadini na jamaa zake huifumba ngozi mdomo, ndiyo maana huachwa kwa siku kadhaa, mara nyingi juma zima, kwa shauri la tabibu. Dawa ya pumu ya kuvuta haizuii kipimo, wala asithubutu mtu kuiacha kwa sababu hiyo. Na ambaye pumu yake haijatulia hapimwi mpaka itulie. Madhara makubwa ni nadra mno, walakini adrenalini sharti iwe karibu.

Lakini ngozi ni shahidi asiyejibu asiloulizwa. Mwenye kupimwa kwa matone ya miti ya Ulaya tu, asiwekewe mathenge, mtende wala nyasi za bustani za Dubai, ataambiwa hana kitu huku akirudi nyumbani na chafya zake. Kinyume chake pia ni kweli: kivimbe huonyesha kwamba mwili uko tayari kugombana, si kwamba umekwisha gombana. Mtu alaye kamba kila Ijumaa bila dhara yoyote hapaswi kunyimwa kamba kwa sababu ya milimita 4 mkononi. Kwa hiyo naona ni hasara kupimwa vyakula kwa makumi pasipo kisa. Na vipimo vya damu vya kingamwili nyingine, IgG, dhidi ya vyakula, ambavyo wataalamu wa mzio wa Ulaya walivikataa mwaka 2008, si vya kutolea fedha.

Kuna mzio mwingine ambao kincha hakiutambui. Fundi wa ujenzi anayechubuliwa na saruji, au bibi harusi aliyetokwa na malengelenge kwa piko, ile hina nyeusi iliyotiwa rangi ya nywele, huhitaji kipimo cha bandiko, alichokianzisha Josef Jadassohn mwaka 1895: kitu hubandikwa mgongoni kwa saa 48, na jibu husomwa mara ya pili siku moja au mbili baada ya kubanduliwa.

Basi, msomaji, ukienda kupimwa, chukua orodha ya dawa zako zote, eleza ulitoka wapi na dalili zilianza dakika ngapi baada ya nini, na kabla hujaunyosha mkono, uliza kama mathenge na mtende vimo katika matone utakayowekewa.